Kodi ya Kichwa na Mlipaji Asiyeonekana

Juni 2003, Waziri wa Fedha Basil Mramba alipowasilisha bajeti ya serikali bungeni Dodoma, hatua iliyowagusa wananchi wengi kuliko nyingine ilikuwa kufutwa kwa kodi ya maendeleo. Kwa watu wa vijijini hiyo ilikuwa kodi ya kichwa tu, ndugu wa damu wa ile waliyotozwa babu zao na Mjerumani na baadaye Mwingereza. Tanzania huru ilikuwa inaifuta kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1969, na haikupita miaka ishirini ikarejea kwa jina jipya. Kodi inayofutwa mara mbili ina mengi ya kutueleza kuhusu siasa za unafuu wa kodi. Kwa zaidi ya karne moja mabishano ya kodi katika nchi hii yamekuwa mabishano ya kiasi: ipande au ishuke, ibaki au iondoke. Hoja yangu ni kwamba swali la kiasi limefunika swali kubwa zaidi. Kila mara kodi inayoonekana ilipofutwa, mzigo ulihamia kwenye kodi isiyoonekana, na mamlaka ya kuamua matumizi yakasogea mbali zaidi na mlipaji. Unafuu ulikuwa wa kweli, na wakati mwingine ulikuwa wa haki kabisa. Lakini ulilipiwa, na kilichotolewa kuulipia ni nafasi ya mlipaji katika mjadala wa matumizi.

Mwanzo wa kodi hii haukuhusiana na huduma yoyote. Sheria ya kodi ya nyumba ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitolewa Novemba 1897, wakati wa Gavana Eduard von Liebert, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia tatu kwa mwaka. Koloni lilihitaji mapato, maana lilikuwa likiitegemea Berlin kwa gharama za jeshi na utawala, lakini watawala hawakuficha lengo lao la pili: mkulima alazimike kuitafuta rupia, na rupia aipate ama kwa kuuza mazao ya biashara ama kwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa na kwenye ujenzi. Miaka ya mwanzo, asiye na fedha aliweza kulipa kwa mazao au kwa nguvu zake. Wakusanyaji walikuwa maakida na majumbe, na hapakuwa na baraza ambako mlipaji angeweza kuuliza rupia zake zimekwenda wapi. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi kwa kung'oa pamba huko Nandete, vilikuwa na sababu nyingi, na kilimo cha pamba cha lazima ndicho kilichotangulia. Hata hivyo kodi ilikuwa katika fungu lile lile la dhuluma, kwa kuwa akida aliyesimamia shamba la pamba ndiye aliyesimamia na kodi. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria kuwa waliokufa ni 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliweka makadirio yake kwenye robo milioni na zaidi.

Waingereza walirithi mfumo huo na kuupanga upya kwa Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya mwaka 1922. Mwenye wake kadhaa alilipia nyumba ya kila mke, na aliyeshindwa kulipa aliweza kufanyishwa kazi za umma hadi deni lake liishe. Mabadiliko yenye uzito yalikuja na Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925. Chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, machifu walipewa mahakama zao, watumishi wao na hazina zao, na sehemu ya kodi iliyokusanywa ilirudishwa kwenye hazina hizo. Humo ndimo ulimotoka mshahara wa chifu, wa makarani na matarishi wake, na kilichosalia kikaingia kwenye zahanati, shule na barabara za eneo lile. Kwa mara ya kwanza palikuwa na kitabu cha mapato na matumizi karibu na mlipaji. Kasoro ni kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili ya macho ya Mkuu wa Wilaya. Chifu aliwajibika kwa aliyemthibitisha, na aliyemthibitisha alikuwa bomani. Mlipaji aliweza kuona zahanati ikijengwa au asiione, lakini hapakuwa na siku ambayo angeitwa kusikia hesabu.

Tukio linaloonyesha vizuri kuliko yote walipaji walikuwa wakidai nini lilitokea Upare. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali na machifu wa Kipare walianzisha kodi ya nyongeza iliyoitwa mbiru, jina lililotwaliwa kutoka kwenye ushuru wa kale wa watawala wa huko. Ilikuwa kodi ya ngazi: kila mtu atozwe kwa kadiri ya mali yake, yaani ng'ombe, mibuni, mashamba na nyumba. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko ile ya kichwa inayomtoza tajiri na maskini sawasawa, na maofisa waliiona hivyo. Lakini Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya, Same, wakapiga kambi na kukataa kuondoka. Mgogoro uliburuta kwa miezi mingi. Wanawake nao wakaingia, hasa Usangi, wakiwakabili watawala ana kwa ana na kudai jambo limalizwe ili waume zao warudi majumbani. Kodi ya kichwa ya kawaida, inayojulikana mapema na iliyo sawa kwa wote, siyo iliyowateremsha milimani. Walichokikataa ni makadirio: watu wachache waliokaa na chifu kupima mali ya jirani bila kipimo kinachoeleweka, bila mahali pa kukata rufaa, na bila maelezo ya kwa nini wilaya inahitaji fedha zaidi. Hatimaye serikali ilirudi nyuma na mbiru ikaondolewa. Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya mgogoro huo, aliuona kama maandamano ya umma dhidi ya mfumo uliofunga milango ya kusikilizwa.

Nalikazia tukio la Upare kwa sababu linajibu mapema pingamizi moja kubwa. Wako wanaosema kuwa uhusiano wa kodi na sauti ya raia ni hadithi ya Uingereza na Ufaransa, ya mabunge yaliyomlazimisha mfalme kuomba kabla ya kutoza, na kwamba katika Afrika ya kikoloni kodi haikuzaa chochote isipokuwa mateso. Nusu ya pili ni kweli kwa sehemu kubwa, Umatumbi unathibitisha. Lakini Upare unaonyesha kuwa mlipaji wa milimani, asiye na bunge wala gazeti, alikuwa na nadharia yake kamili ya kodi: nijue ninalipa nini, kwa kipimo gani, na nani amekubali. Hakuisoma popote. Ilizaliwa katika kulipa kwenyewe, kwa sababu fedha ilitoka mkononi mwake, siku inayojulikana, ikapokelewa na mtu anayejulikana. Kodi ya namna hiyo inauma, na maumivu yake yana anwani. Ndiyo maana watawala waliiogopa hata walipoitegemea.

Baada ya uhuru, serikali ya TANU ilijikuta upande wa pili wa meza. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zikabeba shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini. Ziliendeshwa kwa kodi ya kichwa ya eneo, kwa ushuru wa mazao, na kwa ruzuku ya serikali kuu. Mahitaji yaliongezeka kila mwaka, kwa kuwa uhuru ulikuwa umeahidi shule na dawa, huku mapato yakisuasua. Azimio la Arusha la Februari 1967 liligusa jambo hili bila kuficha. Liliwakumbusha wabunge, waliozoea kudai barabara, maji na hospitali, kwamba fedha za serikali ni kodi za wananchi, na kwamba wananchi wenye kipato kidogo hawawezi kutozwa bila kikomo. Huo ulikuwa mwaliko wa mjadala mgumu wa matumizi: tukiwa na hiki kidogo, tutangulize nini? Mwaliko huo ungeweza kupelekwa kwenye mabaraza ya halmashauri. Historia ikachukua njia nyingine.

Mwaka 1969 serikali ilifuta kodi ya kichwa ya halmashauri pamoja na ushuru wa mazao. Sababu zilikuwa nzito: kodi ile ilikuwa na harufu ya ukoloni, ilimkamua maskini, na halmashauri nyingi hazikuweza kuikusanya bila kukimbizana na watu. Mwaka huo huo ikaanzishwa kodi ya mauzo kwa bidhaa za viwandani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mzigo kuhama. Mkulima aliyeacha kumlipa karani wa halmashauri alianza kulipa dukani kila aliponunua bidhaa ya kiwandani, bila mtu kumwambia kuwa amelipa kodi. Pengine kwa mwaka alilipa kidogo zaidi, pengine zaidi; kwa familia isiyonunua mengi huenda hatua ile ilikuwa nafuu halisi. Lakini kodi ya zamani iliingia kwenye mfuko wa wilaya yake, na ya sasa ilikwenda moja kwa moja Hazina, Dar es Salaam. Halmashauri zilibaki na majukumu bila mapato, zikawa zinangoja ruzuku.

Taasisi inayongoja fedha kutoka juu haikawii kuonekana haina kazi. Mwaka 1972, kwa mpango uliosaidiwa na washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Jina liliahidi kupeleka uamuzi karibu na watu. Kilichofanyika ni kwamba halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka uliofuata zikafuata za miji, na nafasi zao zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Diwani aliyeweza kuangushwa kwa kura alibadilishwa na mkurugenzi wa maendeleo aliyeteuliwa. Miaka michache ilitosha kuonyesha matokeo, hasa mijini, ambako uzoaji wa taka, maji na barabara za mitaa ulizorota, na mlipuko wa kipindupindu mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaongeza shinikizo la kuzirejesha halmashauri za miji mwaka 1978. Julius Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika kuwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Watu huikumbuka kauli hiyo kama toba ya kisiasa kuhusu madaraka. Nadhani ina upande wa fedha pia: hatua ya 1972 ilikuwa imerahisishwa na ile ya 1969. Halmashauri isiyomtoza mtu haina mtu wa kuililia inapovunjwa.

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliandaa kurudi kwa halmashauri za wilaya, nazo zikarudi rasmi 1984. Pamoja nazo ikarudi kodi ya kichwa, sasa ikiitwa kodi ya maendeleo. Haikuweza kuja wakati mbaya zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, vita na Idi Amin vilikuwa vimemeza akiba, bidhaa zilikuwa adimu, na Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilikuwa inawasaka mijini wote walioonekana hawana kazi rasmi. Serikali kuu ilizirudisha halmashauri kwa sababu haikuweza tena kuzilipia huduma, na wananchi wakatakiwa kulipa kwa huduma ambazo tayari zilikuwa zimekufa. Hapo ndipo kodi ile ilipopoteza heshima yote. Zahanati haikuwa na dawa, shule haikuwa na madawati, na mtoza kodi alikuja na mgambo. Vizuizi viliwekwa barabarani, na asiye na risiti akashikwa. Vijana waliingia porini msimu wa makusanyo ulipofika. Sehemu kubwa ya kilichopatikana iliishia kwenye kukusanya kwenyewe: posho, mafuta ya magari, na mishahara ya halmashauri.

Uasi wa wazi zaidi ulitokea Arumeru mwaka 1998, wananchi walipogoma kulipa kodi ya maendeleo na kuihoji halmashauri yao. Eneo lile lilikuwa na kumbukumbu ndefu ya kudai haki, tangu Wameru walipompeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa kulalamikia ardhi yao miaka ya mwanzo ya 1950. Mfanano na Upare wa 1945 unashangaza. Mgogoro wa Arumeru ulihusu kiwango cha kodi, lakini uligeuka haraka kuwa mgogoro wa matumizi: fedha zimekwenda wapi, nani amekula, kwa nini madiwani wamekubali? Kodi iliyochukiwa ndiyo iliyozaa maswali makali kuliko yote kuhusu bajeti ya wilaya. Hili halimaanishi kuwa chuki ile ilikuwa nzuri. Linaonyesha tu kuwa mlipaji anayeumia na kujua anayemuumiza ana mahali pa kuelekeza swali lake.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: je, unatetea mgambo na vizuizi vya barabarani? Hapana. Kodi ya maendeleo ilistahili kufutwa mwaka 2003. Ilimtoza asiye na kitu kiasi kile kile cha mwenye duka. Ilikusanywa kwa kudhalilisha watu, na gharama ya kuikusanya ilikula mapato yake. Kodi inayohitaji bunduki ili ilipwe imeshapoteza hoja. Kosa la 2003 liko katika kilichofuata. Serikali iliahidi ruzuku ya kufidia mapato yaliyopotea, na bajeti za halmashauri zikaanza kutegemea fedha kutoka serikali kuu kwa kiwango kikubwa kuliko wakati wowote tangu zirudishwe. Fedha hizo nyingi zilikuja zikiwa tayari zimegawiwa mafungu: mishahara, elimu, afya, kila moja na masharti yake. Diwani alibaki na cheo na kikao, lakini kwenye kikao alikuta bajeti iliyokwisha kuamuliwa. Mwananchi akilalamika, jibu likawa rahisi na la kweli: fedha hazijaletwa. Jibu hilo lisingewezekana kwa fedha ambazo mwananchi mwenyewe alizileta.

Pingamizi la pili ni la matokeo. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001, miaka miwili kabla ya kodi ya kichwa, na watoto wakafurika madarasani. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Julai 1998 kwa asilimia 20 na kushushwa hadi 18 mwaka 2009, pamoja na Mamlaka ya Mapato iliyoanza kazi 1996, ziliipa serikali kuu mapato ambayo halmashauri zisingeweza kuyaota. Kama shule zimejengwa, inajalisha nini nani alilipa na nani aliamua? Pingamizi hili lina nguvu, na sitaki kulipunguza. Mapato ya taifa yana uwezo ambao kodi ya kijiji haiwezi kuwa nao, ukiwamo uwezo wa kuipa wilaya maskini zaidi ya inachochangia. Lakini tazama kilichotokea kwa fedha za uendeshaji shuleni. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi alipangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kwa miaka mingi shule zilipokea pungufu ya hapo, kwa kuchelewa, bila mzazi kuwa na njia ya kudai salio. Pengo hilo likazibwa na michango: ya walinzi, ya madawati, ya mitihani, na mwaka 2014 na 2015 ya maabara za shule za kata. Mchango haukupitishwa na Bunge, haukuwa na kipimo, na ulikusanywa na mtendaji yule yule aliyekuwa akikusanya kodi ya kichwa. Mwaka 2016 elimu ikatangazwa kuwa bila malipo hadi kidato cha nne, na Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Marufuku yenyewe ilikuwa ushahidi kwamba kodi ya kichwa ilikuwa imerudi mara ya pili, safari hii bila hata kitabu cha risiti.

Majirani zetu wamepita njia hiyo hiyo, jambo linalopunguza uwezekano kwamba haya ni ajali za Tanzania pekee. Kenya ilizinyang'anya halmashauri nyingi elimu ya msingi, afya na barabara mwaka 1969, ikaichukua pia kodi yao ya mtu binafsi, kisha mapema miaka ya 1970 ikaifuta. Serikali za mitaa zikabaki vivuli hadi kaunti za Katiba ya 2010. Uganda iliendelea na kodi yake ya ngazi kwa muda mrefu zaidi, nayo ilikuwa ya mateso vile vile. Ikawa suala kubwa katika kampeni za urais za 2001, kiwango cha chini kikashushwa, na mwaka 2005, muda mfupi kabla ya uchaguzi wa Februari 2006, ikaondolewa kabisa. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kupoteza kura kwa kufuta kodi ya kichwa. Halmashauri za Uganda zikapoteza chanzo chao kikuu, na zikawa zikingoja fidia kutoka Kampala. Katika nchi zote tatu unafuu ulitangazwa na kiongozi wa kitaifa, na aliyepoteza uwezo wa kuamua alikuwa baraza la karibu na mlipaji.

Miaka ya karibuni imetupa jaribio ambalo mwanahistoria hulipata kwa nadra: kodi inayoonekana na isiyoonekana zikibadilishana nafasi mbele ya macho yetu. Julai 15, 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Kila aliyetuma au kutoa fedha alisoma makato kwenye ujumbe wa simu. Ghafla nchi nzima ikawa inajadili bajeti: vijiweni, redioni, bungeni. Serikali ilijibu kwa lugha ya matumizi, ikitaja madarasa, vituo vya afya na tarafa vinakojengwa kwa fedha za tozo. Hakuna kodi ya mauzo iliyowahi kuilazimisha serikali kueleza kwa kina hivyo. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na katika bajeti ya 2023 ikaondolewa kwenye kutuma fedha. Bajeti hiyo hiyo iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli na shilingi 1,000 kwa mfuko wa saruji. Nauli na bei ya nyumba vikabeba kilichotoka kwenye simu. Makato ya kutuma fedha kwa simu yaliuawa na kelele za walipaji. Ya saruji yalipita kimya kwa kulinganisha.

Mchumi anaweza kujibu kwamba hiyo ndiyo sifa ya kodi ya bei: hailazimishi mtu kukimbilia porini, ni rahisi kukusanya, na mwenye matumizi makubwa hulipa zaidi. Anaweza pia kusema kuwa haijafichwa, kwani risiti ya mashine huonyesha kodi kwa shilingi na senti. Kwa mnunuzi wa duka kubwa Kariakoo huenda ni kweli. Kwa anayenunua sabuni nusu mche kwenye genge la kijijini, kodi imeshamezwa na bei mara tatu kabla haijamfikia, na hakuna karatasi itakayomwambia. Urahisi wa kukusanya ni faida ya mtozaji. Faida ya mtozwaji ingekuwa kujua. Na kuhusu vurugu: ni kweli kodi isiyoonekana huzaa vurugu chache, lakini kimya cha mlipaji kisichukuliwe kuwa ni ridhaa yake. Kenya ilionyesha hivyo Juni 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na mapendekezo ya kodi za bei za kawaida kabisa, ikiwamo asilimia 16 kwa mkate. Vijana waliusoma, wakaufafanua kwa lugha za watu, wakaueneza kwa simu, na kodi ambayo ingepita kimya ikaonekana. Juni 25 waandamanaji waliingia Bunge na watu wakauawa. Siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Maswali yao yalivuka mkate upesi yakafika kwenye safari, mishahara na magari ya wakubwa, yaani kwenye matumizi.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kuirudisha kodi ya kichwa ili mlipaji arudi kwenye mjadala, na historia yake inatosha kutukataza. Kinachoweza kurudishwa ni kile ilichokuwa nacho bila kukusudia: uhusiano unaoonekana kati ya anayetoa na anayetumia. Sheria zetu tayari zina nyenzo. Ibara ya 138 ya Katiba ya Tanzania inakataza kodi isiyotungiwa sheria na Bunge, jambo ambalo likisomwa kwa dhati linaifanya michango mingi ya lazima kuwa haramu. Ibara ya 145 na 146 zinataka serikali za mitaa ziwe za kupeleka madaraka kwa wananchi, na madaraka yasiyo na chanzo cha mapato ni ya kwenye karatasi. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi kila robo mwaka. Pale unapofanyika kweli, watu huuliza kuhusu shilingi elfu hamsini kwa ukali ambao Bunge halina kwa mabilioni. Tatizo ni kwamba unachosomewa ni makombo: faini za mifugo na ushuru wa soko, ilhali fedha halisi za kijiji, za mwalimu, za dawa na za barabara, hazipiti mezani pake.

Mjadala wa bajeti unaorudi kila Juni utaendelea kupimwa kwa orodha ya kodi zilizopanda na zilizoshuka, na wanasiasa wataendelea kushindana kwa ahadi za kufuta. Uzoefu wa 1969, 2003 na 2023 unatupa kipimo bora zaidi. Waziri anapotangaza kuwa kodi fulani imefutwa, mwananchi aangalie siku hiyo hiyo kodi gani imeongezwa, mfuko upi umepungua, na baraza lipi limepoteza neno. Kama mfuko uliopungua ni wa halmashauri na ulioongezeka ni wa Hazina, basi kilichofutwa ni zaidi ya kodi. Unafuu wa kweli ungemwacha mlipaji na fedha zaidi mfukoni na swali lile lile mdomoni, pamoja na mtu aliye karibu anayelazimika kulijibu. Mpaka sasa tumepewa la kwanza kwa vipindi, na kila mara tumelilipa kwa la pili.